Tundu la Nne Bado Limezibwa

Risala ya wafanyakazi wa karakana na malisho kwa Mkurugenzi wa Mashamba, siku ya ukaguzi wa mwaka

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wa Mashamba, msimamizi wetu, madereva, wafunga marobota, walinzi, na nyote mliobanana kwenye kivuli cha karakana hii:

Karibu, na utusamehe kutu

Tunakupokea kwa mikono iliyooshwa lakini haikutakata, maana grisi ina ukaidi wake. Mashine uliyoipita pale mlangoni, ile ya kukatia nyasi iliyofungwa ubavuni mwa trekta, ina kutu. Umeiona, nasi tumeona ulivyoiona.

Wageni rasmi waliokutangulia waliikuta nyekundu kama pilipili. Desturi yetu ilikuwa moja: mgeni akija kesho, leo mashine inapakwa rangi. Inapakwa juu ya matope, juu ya grisi, juu ya rangi ya mgeni wa mwaka jana. Wageni kumi na mmoja, tabaka kumi na moja. Wewe ni wa kumi na mbili, na kwako hatukupaka. Usituone watovu wa adabu. Tuvumilie hadi mwisho, utajua kwamba kutu hii ndiyo heshima kubwa tuliyonayo.

Tulikotoka

Mashine ile ina mkono mrefu wa chuma wenye vidole vilivyopangwa kama vya kitana. Kati ya vidole kuna kisu chenye meno, kinachokwenda na kurudi haraka kuliko jicho. Mkono huo haugusi ardhi wenyewe. Unateleza juu ya viatu viwili, cha ndani karibu na trekta na cha nje kwenye ncha, na kila kiatu kina soli yake.

Tangu ifike, mkono ule ulilala chini kabisa. Ulikata nyasi kimo cha vidole viwili vya mtu, nasi hatukujua kimo kingine. Tulivuna nyasi na udongo wake. Meno yalivunjika kwenye mawe, ng'ombe walikohoa vumbi la marobota yetu ya nyasi, na malisho yakaota vipara mwaka hadi mwaka. Tuliilaumu mvua. Mvua haina mdomo wa kujitetea.

Dereva wa mashine hiyo ni mwenzetu tunayemwita Spana. Jina hilo alilipata alipokwenda kwenye harusi ya dada yake mwenyewe na spana namba kumi na saba ndani ya mkoba. Alipoulizwa ya nini, alijibu, "Viti vya kukodi mnaviamini?" Na kweli, alikaza vitatu kabla bibi harusi hajaketi.

Tuliyoyaona

Mwezi uliopita msimamizi wetu alikuwa safarini, amekwenda kumzika mjomba wake. Mawingu yalikuwa yanajikusanya na nyasi zimekomaa. Siku hiyo mchana Spana alilala chali chini ya kiatu cha nje ili abadilishe soli iliyolika. Injini alikuwa ameizima, shafti inayozungusha kisu ameichomoa, na ufunguo wa trekta uko mfukoni mwake, maana kisu kile hakimjui hata anayekilisha.

Nyuma ya kila kiatu kuna bamba linaloshika soli kwa bolti moja. Alipolisugua kwa brashi ya waya, rangi ikabanduka kama ganda la yai lililochemshwa. Chini ya ganda akaona kibonyeo, kama kitovu. Akashuka kidogo, akaona kingine, na kingine tena. Akamwita mwenzetu wa kupaka grisi, tunayemwita Kaka Grisi.

"Kaka, njoo ushike hapa."

"Nishike nini? Chuma hakina homa."

"We shika tu."

Kaka Grisi alichukua msumari akaubonyeza kwenye kile kibonyeo. Msumari ukazama hadi nusu, ukatokea upande wa pili. Mgeni rasmi, huyu ni mtu ambaye hata akilala huongea. Safari hii aliuchomoa msumari tu, akauchomeka tena. Sisi wengine tulisogea, tukamkuta amepiga goti, msumari mkononi, kama mtu aliyebisha hodi kwenye ukuta na ukuta ukaitika.

"Yapo manne," Spana alisema taratibu. "Bolti yetu imekaa la kwanza. Haya matatu mengine yamekuwepo siku zote."

Miaka kumi na mmoja tulikuwa tumeinama kwenye bamba lile, tumelipaka grisi, tumelitukana. Kumbe mashine ilizaliwa na uwezo wa kunyanyuka, nasi kila mwaka tulikuwa tunauziba kwa brashi, tena kwa bidii, tena tukiimba.

Spana alizibua tundu la pili na la tatu. Akaishusha soli, akahamishia bolti kwenye tundu la tatu. Soli ikishuka, kiatu hupanda, na mkono hupanda nacho.

Hapo tulikosea, nasi tunakiri. Kiatu cha ndani kilikuwa na bolti iliyoshikwa na kutu, haikulegea. Mawingu yakatutisha, tukasema kimoja kinatosha. Spana akasita, tukamsukuma sisi kwa maneno yetu. Alipokata mstari wa kwanza, nyasi zilibaki fupi upande wa trekta na ndefu upande wa pili, mteremko mtupu. Mlinzi wa lango alitazama akauliza, "Hapa ameshika mkasi kinyozi gani, mwenye chafya?"

Spana alirudisha trekta, akaimwagia bolti ile mafuta, akaingojea kama anavyongojewa mgonjwa. Jioni ikakubali. Akaweka viatu vyote viwili kwenye tundu la tatu. Kisha akachuchumaa, akaona ncha za vidole zimeinama, akavuta wenzo wa kuinua na kuinamisha vidole hatua moja, vikalala sawa. Mwisho akakunja ngumi akaipitisha chini ya mkono wa chuma, kutoka kiatu hadi kiatu. Ilipita yote, pasipo kukwama wala kupwaya.

Asubuhi akakata. Sauti yenyewe ilikuwa ngeni. Tulizoea mkwaruzo wa mawe. Siku hiyo tulisikia nyasi tu. Wanaogeuza nyasi walipofuata nyuma, mmoja wao alisimama ghafla akanyoosha mkono tusimkaribie. Katikati ya mabua yaliyobaki palikuwa na kiota cha kwale, na mayai matano. Kisu kilikuwa kimepita juu yake. Tuliyahesabu mara mbili, yakawa matano mara zote mbili. Tuliweka kijiti pale, tukazunguka.

Na nyasi, mgeni rasmi. Zamani tulingoja wiki tatu kuona kijani. Safari hii, siku ya tisa asubuhi, wale wa zamu ya kwanza walikuja mbio karakanani, wakatuvuta mikono. Malisho yote yalikuwa yameamka. Hata kwenye vipara palikuwa na nyuzi za kijani, nyembamba kama nywele za kichanga. Tulivua viatu ndipo tukaingia. Hakuna aliyetuambia tuvue.

Kinachotukosesha usingizi

Hatutaficha: lori la kwanza liliondoka halijajaa. Ukiacha ngumi ya nyasi shambani, ngumi hiyo hailali kwenye lori. Msimamizi wetu alirudi kutoka msibani siku ya tatu baada ya kukata, akaona lori, akaenda kwenye mashine, akaona matundu. Ni mtu wa haki. Tunasema hivi akiwa ameketi hapo mbele, na hatumwogopi kiasi cha kumsifu bure. Aliandika alichokijua: kwamba kwa miaka yote hajawahi kuona matundu kwenye bamba lile, kwamba sasa yapo, na kwamba dereva ameyatoboa bila ruhusa na kuharibu mali ya shamba.

Hajasema uongo. Hakuwahi kuyaona. Hata sisi hatukuwahi.

Ila barua iliondoka siku ya tatu, na nyasi zikaja siku ya tisa. Spana sasa anafagia ghala. Trekta imefungwa, na kuna amri kwamba bolti zirudishwe tundu la kwanza, ingawa bado ziko la tatu. Karatasi ya kumwachisha kazi iko kwenye mkoba wako, mgeni rasmi, inangoja kalamu yako kabla hujaondoka leo. Tunajua, kwa sababu aliyeipiga chapa ndiye anayekusomea risala hii.

Tulimuuliza Spana anataka tuseme nini. Aliendelea kufagia. "Semeni wasizirudishe bolti," alisema. "Mimi nitapata ufagio popote. Malisho haya yatapata wapi mtu wa kuyaonea huruma?"

Ombi letu

Wageni huombwa matrekta mapya, mabuti na kisima. Orodha hiyo tunayo, imeandikwa vizuri, tutakupa mwakani.

Leo tunaomba jambo dogo kuliko yote. Kwenye kiatu cha nje tundu la pili na la tatu yamezibuliwa. Tundu la nne hatukuligusa. Ni kitovu kidogo chini kabisa ya bamba, bado kimezibwa kwa rangi. Tumeliwekea mlinzi wa zamu wa kulilinda mchana kutwa, hata mvua isilifikie. Mtu aliyetoboa chuma mwezi uliopita hawezi kuwa amelipaka tundu lake rangi ya miaka kumi na mmoja.

Kando ya glasi yako ya maji tumeweka msumari. Ni ule ule wa Kaka Grisi. Injini imezimwa, na ufunguo huu hapa, tunauweka mezani mbele ya macho ya wote. Tunakuomba uinuke, utembee nasi hatua ishirini hadi mlangoni, upige goti palepale penye kutu, ubonyeze mwenyewe. Msimamizi wetu tunamwomba awe bega kwa bega nawe, aone unachokiona. Ukiona rangi inatoka tabaka kwa tabaka, usituambie kitu. Kunja tu ngumi yako uipitishe chini ya ule mkono wa chuma, kisha utazame malisho.

Karatasi iliyo mkobani ingoje urudi kitini.

Mola akulinde njiani, aujalie mkono wako wepesi, na ayape malisho haya mvua isiyosingiziwa tena makosa yetu.

Ni sisi,
Wafanyakazi wa Karakana na Malisho,
pamoja na mmoja aliye ghalani, ambaye hakuruhusiwa kuja kusikiliza.