Alihamisha Kurasa, Mkaniita Mwizi

Asanteni kwa nafasi, akina mama wa kikundi na wageni wetu. Kiti bakini nacho. Leo sikuja kutabasamu.

Wageni, sisi hapa Keumbu tunasugua vinyago vya mawe kwa msasa mpaka vidole vinachubuka. Wakati wengi hapa hawajaona kompyuta, kikundi chetu kilikuwa na tovuti. Kila kinyago na ukurasa wake, na wanunuzi wa ng'ambo walikuwa wamechapisha anwani za kurasa hizo kwenye vipeperushi vyao. Oda zilikuja kwa faksi, kwenye duka la mama mmoja Mhindi mjini Kisii. Mimi ndiye niliyekuwa nikizichukua.

Halafu akaja mtaalamu kutoka Nairobi. Akasema anwani zetu ni ndefu, hazipendezi. Akazibadilisha zote. Za zamani akazifuta! Mnunuzi akifungua alikozoea, anaambiwa ukurasa haupo. Nilipomuuliza, akanijibu, "Watatafuta wenyewe, mama." Watafute wapi?

Oda zikakatika. Na nyinyi, ndiyo, nyinyi mlioketi hapo mbele, mkasema nimewaficha wanunuzi, nauza peke yangu. Dada yangu wa tumbo moja akaacha kunisalimia sokoni. Nikajifungia nyumbani, sisugui, sili.

Yule mama wa duka ndiye aliyenitafuta, akauliza mbona faksi zimenyamaza. Akanipeleka dukani kwake, akanipa chai, nikamweleza. Akashangaa. "Sisi tulipohamisha duka kutoka Kebirigo tuliacha kibao mlangoni mwaka mzima, kuonyesha tulikokwenda. Nyinyi hamkuacha hata kibao?"

Nikampigia mtaalamu palepale, kwa simu ya duka. Akakubali kurekebisha, lakini akataka kuwarusha watu wote kwenye ukurasa wa kwanza wa tovuti. Nikafoka: "Mtu anatafuta kinyago cha kiboko, wewe unamwacha getini? Kila anwani ya zamani impeleke kwenye kinyago chake kilekile, moja kwa moja, bila kuzungushwa!" Akafanya, akinung'unika. Haikuchukua muda, faksi ikaanza kulia tena.

Namshukuru yule mama, simu yake na chai yake. Na wewe unayehamisha kitu ambacho wenzako wanakitegemea, waachie njia pale pa zamani. Usiwaambie watafute wenyewe.

Nyinyi mmerudi kusugua, kazi ipo. Lakini hakuna hata mmoja aliyekuja kuniambia pole. Mlango wangu mimi haujahama. Mnajua ulipo.