Naomi Nekoye Wabuge, Aliyeifundisha Taa Kuzima

Zamani mtu wetu akizikwa, maisha yake yalisimuliwa na mzee aliyemjua, akasimama juani mpaka amalize, lakini siku hizi yanachapishwa kwenye karatasi inayong'aa na picha ndizo nyingi. Mimi Wepukhulu, ndugu wa mama yake, nimepewa ukurasa mmoja, nami nitautumia wote.

Naomi Nekoye Wabuge alizaliwa tarehe 14 Machi 1986 mtaani Langas, Eldoret. Alikuwa kifungua mimba wa marehemu Paul Wabuge na Mama Tryphosa.

Shule ya msingi alisoma pale pale Langas. Wakati huo nilimnunulia tochi tatu kwa mwaka mmoja; kila moja aliifungua, na hakuna iliyorudi kuwa tochi. Alimaliza sekondari Bungoma mwaka 2004, kisha akasomea fizikia chuoni Chepkoilel. Akiwa huko, mwaka 2008, baba yake alifariki kwa ugonjwa wa ini. Daktari alituuliza tulikuwa tukila mahindi gani. Tulikuwa tukila yale ya bei ya chini, yenye kuvu, kama majirani wengi. Daktari hakusema ndiyo sababu wala siyo sababu, lakini Naomi hakulisahau swali hilo.

Tarehe 8 Desemba 2012 alifunga ndoa kanisani na Mwalimu Edwin Kirwa wa Cheptiret. Wakwe walimpokea kwa mursik, maziwa yao ya mgando, akamaliza kibuyu na kuomba kingine, tena bila kukunja uso kama wasichana wa sasa. Mungu aliwajalia Ashley na Emmanuel.

Aliajiriwa katika karakana moja ya elektroniki mjini, akiunda saketi za kuendesha taa za LED. Kuanzia mwaka 2019 aliwatengenezea wakulima wa Cheptiret mashine ya kuchagua mahindi. Punje zilianguka mbele ya taa, taa ikawaka kufumba na kufumbua, kamera ikatazama, na hewa ikapuliza pembeni punje yenye kuvu. Kazi hiyo ilikuwa ya wanawake, kwa ungo na nyimbo, na dada yangu Tryphosa, aliyekodi shamba huko baada ya kufiwa, ndiye aliyekuwa kiongozi wao. Nyimbo zile sasa hazipo, na siwezi kusema nimefurahi.

Siku ya majaribio, mwaka 2022, mashine ilitupa mbovu na nzuri pamoja.

"Nekoye, hii yako ni polisi," Tryphosa alisema. "Mwizi akipita, inamshika aliye nyuma yake."

Wanawake walicheka mpaka nyungo zikatikisika. Naomi naye alicheka.

"Mama, hiyo taa inajua kuwaka tu. Kuzima bado."

"Basi ikijua, niite. Kabla ya hapo haigusi mahindi yangu."

Na kama Tryphosa hakukubali, hakuna mwanamke mwingine ambaye angekubali. Naomi alilijua hilo. Alinieleza kwamba umeme uliobaki ndani ya taa uliichelewesha kufifia, picha ikaburutika, na doa la punje mbovu likamwangukia jirani yake mzuri. Akaanza kuunda saketi ya kuufyonza umeme huo papo hapo taa inapozimwa.

Mwezi wa Februari 2024 aligundulika kuwa na saratani ya koo. Alitibiwa hapa Eldoret, na kila alipopata nguvu alirudi kwenye saketi yake. Alilala tarehe 18 Januari 2025. Mimi nilikuwa Kimilili alipolazwa hospitalini, sikuwahi kufika.

Ameacha mume wake Edwin, watoto Ashley na Emmanuel, mama yake Tryphosa, na ndugu yake Murunga. Mungu ampe pumziko alilolifanyia kazi.

Mara ya mwisho nilimwona Desemba, kwenye ghala la Cheptiret, ameketi juu ya gunia na koti la Edwin mabegani. Mashine, yenye saketi mpya, ilikuwa imemaliza kuchagua. Tryphosa alimwaga punje zilizotupwa kwenye ungo, akazigeuza moja moja mlangoni penye mwanga.

"Hakuna," alisema.

"Hakuna nini, Mama? Sema Khocha asikie."

Khocha ni mimi, mjomba.

"Hakuna nzuri hata moja. Leteni magunia yangu."

Naomi alifunika uso kwa mikono. Baadaye alinigeukia. "Khocha, beba debe moja uende nalo nyumbani."

"Mimi sili mahindi yaliyochaguliwa na taa."

Alicheka mpaka akakohoa, Edwin akamshika. Kisha akauchukua ungo, akachota mahindi yaliyokwisha kuchaguliwa, akayapepeta polepole kwa mikono iliyokonda, kama bibi yake alivyofanya. Akatoa punje moja, nyeupe, safi kabisa, akaitupa chini.

"Haya, yamechaguliwa kwa mkono. Umeridhika, Khocha?"

Mama yake akainama, akaiokota.