Mianzi Imetoa Maua

Kijiwe chao kilikuwa benchi moja refu mbele ya kibanda cha kinyozi, mgongo ukiegemea kichaka cha mianzi iliyozoea baridi kuliko watu wenye makoti. Asubuhi umande uliganda majanini ukawa mweupe, na mianzi ikaendelea na maisha yake. Ila mwaka huu, kwa mara ya kwanza, ilitoa maua, kisha ikaanza kunyauka. Fundi Ngazi alikuwa akiitazama moyo ukimuuma. Marehemu mke wake ndiye aliyeipanda, kutoka chipukizi moja aliloleta toka kwao mlimani siku za uchumba. Kwa mianzi hiyo Fundi alitengeneza ngazi za nusu ya mji, vikapu, uzio, hata kitanda cha mtoto wao wa kwanza.

— Huo ni ugonjwa, alisema Kibiriti, kinyozi mwenyewe, akimimina kahawa. — Ndiyo maana kila asubuhi nafagia yale maua na takataka zake, natia kwenye jiko la kahawa.

— Ugonjwa wapi! alidakia Profesa, dereva wa lori aliyestaafu. — Hii ni mianzi ya baridi, bwana. Inasikia joto. Tuipepee!

— Tukipepee kichaka kizima? aliuliza Kibiriti.

— Kwa zamu! Kule milimani niliiona imefunikwa theluji, inacheka.

— Ulikuwa unasinzia kwenye usukani, wewe. Mimi nasema imesusa. Tangu shemeji atutoke, nani anaimwagia machicha ya kahawa?

Fundi alitabasamu bila kutaka. Alimwona tena mkewe, alfajiri, ameinama na sufuria: “Na hawa nao wapate cha moto.” Enzi hizo Fundi alikuwa akimcheka. Leo angetoa chochote amcheke tena.

— Basi ni wivu, Profesa hakukubali kushindwa. — Imesikia watu wananunua ngazi za chuma. Mianzi ina masikio, unafikiri uwazi ule wa ndani ni wa nini?

— Jamani, alisema Fundi. — Kichaka hiki kikifa, nitakuwa nimemzika mara ya pili. Mnanielewa?

Ndipo akaja mama mmoja asiyemjua mtu, amekuja kuagiza ngazi.

— Shikamooni. Kumbe na yenu imechanua! Ya kwetu ilichanua hivihivi ikafa yote, tukapanda upya. Nyinyi mbegu zake mmeziweka wapi?

Kibiriti alitazama jiko. Profesa alitazama ndani ya kikombe chake. Kahawa iliyochemshwa kwa moto ule ilikuwa bado inatoa mvuke.

Fundi aliweka kikombe chini. Akapiga magoti, viungo vikilia, akaingiza mkono chini ya benchi lile ambalo halikuwahi kusogezwa tangu lilipowekwa.

— Inukeni, alisema. — Inukeni wote. Huku ufagio haufiki.