Kwa Nini Naviacha Vifungo vya Sumaku

Mheshimiwa Mkurugenzi wa kiwanda chetu, waheshimiwa wakuu wa idara, Bi Mkasi unayerithi meza yangu pamoja na mikwaruzo yake yote, mafundi wenzangu wa mikanda, mabegi na kamba za helmeti, ndugu wageni waalikwa, na wewe mke wangu uliyekaa safu ya mbele: nawasalimu nyote kwa heshima. Kama kuna mkubwa niliyemruka, naomba anisamehe. Maisha yangu yote nimeunganisha vitu kwa kubahatisha, na uzee haujaniponya.

Mshereheshaji amenitambulisha kuwa mbunifu mahiri wa vifungo vya sumaku. Kwa kweli niligeuka nyuma kumtafuta huyo mtu. Najua pia kwamba wengi wenu mmejiuliza kwa nini naondoka sasa, kabla ya umri wa kustaafu, nikiwa bado naona tundu la sindano. Wako waliosema nimenunuliwa na washindani wetu. Ningefurahi sana. Lakini hakuna mshindani mwenye akili timamu atakayeninunua, na sababu nitawaeleza. Naondoka kwa ajili ya huyo mama aliyekaa hapo mbele, na amenipa ruhusa nieleze yote, mradi nisijipambe.

Nianze na mkanda wangu wa kwanza. Siku ya kuwaonyesha wanunuzi niliuvaa mwenyewe, kwa sababu mcheza kwao hutunzwa. Nikasimama mbele yao, nikajipiga tumbo, nikatamka kwamba kifungo hiki hakitafunguka hata dunia ipinduke. Kisha nikapiga chafya. Dunia haikupinduka, ila suruali iliteremka. Wanunuzi wakatazama dari kwa adabu kubwa, kama watu waliokuja kununua dari. Naona Mheshimiwa Mkurugenzi anacheka. Siku ile hakucheka hata kidogo.

Mtu mwenye busara angefanya nini baada ya pale? Angekaa chini, angefikiri. Mimi niliongeza sumaku. Ikashindwa, nikaongeza nyingine juu yake. Ikafika mahali nikipita jikoni vijiko vinageuka kunitazama, na jioni moja, nilipokwenda kuchukua maji, kiuno changu kikanasa kwenye mlango wa friji. Nilimwita mke wangu aje kuniokoa. Alikuja, akanitazama toka juu hadi chini, akaniuliza kama ninaweza kusogea kidogo, maana yeye alikuwa anataka maziwa.

Ni yeye huyo huyo aliyeniuliza, akiwa ameshika chupa ya maziwa, kwani ni lazima sumaku ifanye kazi zote? Nilimjibu kwamba mambo ya ufundi ni marefu. Kesho yake nikaja kazini nikayafupisha. Ndugu wageni waalikwa, bizimu inayowashikia mikanda leo imetokana na swali lile. Sumaku kazi yake ni kuzikutanisha pande mbili tu, hata gizani, hata kwa mkono mmoja. Kinachobeba mzigo ni kulabu ndogo iliyojificha ndani. Ukiivuta kwa nguvu haitoki. Ukiitelezesha pembeni inaachia bila ugomvi. Sifa nikazichukua mimi, na picha yangu ikabandikwa pale mapokezi.

Sasa, mke wangu aliugua moyo. Moyo wake ulianza kuchelewa, unapiga, unatulia, unasahau. Madaktari wakampasua kidogo, wakamwekea chini ya ngozi, karibu na bega la kushoto, kifaa kinachouhimiza moyo unapozembea. Namshukuru Mungu kwa kifaa kile kila ninapoamka. Siku ya kutoka hospitali daktari akatuita, akatuonya kwamba kifaa hicho na sumaku havipatani, akaniuliza ninafanya kazi gani. Nilijibu kwa sauti ndogo sana.

Daktari alikuwa mtu muungwana. Alisema hakuna haja ya hofu. Sumaku ikikaa mbali na kifua, hata shubiri moja, haina neno, na mtu makini anaweza kuendelea na kazi yake kama kawaida. Mke wangu akanitazama. Mimi nikamtazama. Tukajua wote wawili kwamba mtu makini hayumo chumbani.

Ninyi mafundi mnanijua. Mimi ni mtu wa kutia sumaku mfukoni na kuzisahau. Nimewahi kuzifua, nimewahi kuzipiga pasi, na sitasema zile nilizokuta kwenye begi la sadaka. Basi wiki chache baadaye nikarudi nyumbani na furaha zangu, nikamkumbatia mke wangu mlangoni, na kwenye mfuko wa shati, hapa kifuani, nilikuwa na sumaku mbili za majaribio. Alishika ukuta. Akasema kwa utulivu kwamba moyo wake umebadilisha mwendo. Nilizirusha zile sumaku hadi barabarani, na moyo wake ukarudi kama zamani. Wangu ulichukua muda zaidi.

Mheshimiwa Mkurugenzi, siku ile nilipokuomba kuacha kazi, ulinishauri kwa upendo nivae mashati yasiyo na mifuko. Sikukwambia kwamba nilikuwa nimeshajaribu. Sumaku niliziweka kwenye soksi.

Lakini hilo silo lililonitoa hapa. Lililonitoa ni kwamba niliogopa. Mganga hajigangi, na mtu aliyejisifu kwa kuunganisha pande mbili alianza kukaa kiti cha mbali sebuleni. Nilikuwa nalala ukingoni mwa kitanda kama abiria asiye na tikiti. Nikifika nyumbani namsalimia toka mlangoni, najipapasa mwili mzima, halafu naamua ni salama zaidi nisisogee kabisa. Nilidhani ninamlinda. Yeye alivumilia, akaendelea kuniandalia chai na kunisogezea kikombe kwa urefu wa mkono, mpaka siku moja akakiweka chini. Akaniambia, "Mume wangu, daktari alisema sumaku ikae mbali nami. Wewe hakukutaja."

Ndugu zangu, mimi ni mtu wa maneno mengi, mnalijua hilo, na leo mnayapata kwa jumla. Ila yeye nilimjibu kwa maandishi. Kesho yake asubuhi nikaja kuandika barua ya kuacha kazi, na katika kazi zangu zote ndiyo pekee iliyofanya kazi kwa jaribio la kwanza.

Bi Mkasi, meza ni yako. Una mkono mwepesi na ulimi mkali, na kiwanda kinahitaji vyote viwili. Watu watakuletea sifa. Zipokee, ila zipime kwanza kwa chafya.

Nimebakiwa na jambo moja, na naomba lisichukuliwe kuwa ni dharau. Nimeona pale mezani kuna kisanduku kizuri chenye utepe, zawadi yangu ya kuagwa. Mlitaka iwe siri. Lakini tangu nimeanza kusema, vijiko vya chai vimekuwa vikikisogelea kimoja kimoja, na sasa nadhani ukumbi mzima unajua kilichomo. Mmenichongea kifungo changu, kikubwa, cha ukumbusho. Nimeguswa sana, kuliko ninavyoweza kusema. Nawaomba kibaki hapa, kwa Bi Mkasi.

Wazee walisema mkono mtupu haulambwi, na mimi siwezi kubishana na wazee. Wanaostaafu wengine huomba Mungu wasirudi nyumbani mifuko mitupu. Mimi nimeomba nirudi hivyo hivyo. Nikishuka hapa jukwaani, mke wangu atanipekua mbele yenu wote: shati, koti, suruali na soksi. Asipokuta kitu, nitamkumbatia, na naomba mtuvumilie, maana nina miezi mingi ya kulipia.

Kwa subira yenu na kwa masikio yenu, asanteni sana. Mama, njoo unipekue.