Viatu Mkononi, kwa Mwendo Wake wa Kale

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba, Papa Augustin Kalenga anastaafu baada ya miaka kumi na tisa ya kupuliza tarumbeta katika ukumbi wa hoteli yetu hapa Xiaobei, mtaa wetu Waafrika wa Guangzhou, China. Mimi Harun, mpiga dramu wake, nimetakiwa niandike habari zake kwenye ratiba hii ya sherehe. Nimeambiwa niandike mambo ya furaha. Nitajaribu, ila msinilaumu.

Alikuja Guangzhou na mkewe, mama Françoise, kununua jinzi za viwanda vya Xintang wakauze kwao Lubumbashi. Biashara ilimshinda mapema. Papa hajui kupatana bei: laoban, bosi wa kiwanda, akikataa mara moja tu, yeye anashukuru na kuaga! Ikabidi tarumbeta limlishe.

Na tarumbeta hilo ndilo lililotuletea "Viatu Mkononi". Wazee wa jazi wanasema wimbo huu ulizaliwa Lubumbashi, kwenye baa ya watu wa reli, na kila mpuliza tarumbeta wa mji ule huapa kwamba aliutunga mjomba wake. Ukavuka ziwa hadi Kigoma, Watanzania wakautia maneno: binti kacheza mpaka visigino vimemshinda, kavua viatu, kavishika mkononi, na nyumbani hataki kwenda. Wakenya wakauongezea kasi, kama kawaida yao. Leo ni bendi gani ya hoteli isiyoupiga? Hapa kwetu aliuimba mama Françoise, na ulipoanza tu, wanawake walivua viatu na ukumbi ukawaka moto.

Kisha mama Françoise akaugua ini, akatufia hapa hapa ugenini. Siku ya kumuaga, kabla mwili haujapelekwa uwanja wa ndege, Papa alitaka kuupiga wimbo wa mkewe kwa kasi ile ile aliyoipenda. Masikini, pumzi zilikataa. Alikuwa analia huku anapuliza, na wimbo ukatoka polepole, unakokota miguu. Sisi tukadhani ndivyo alivyokusudia. Mmoja wetu akavua viatu, akavishika, akasimama kimya. Wote tukafuata.

Jamani, kosa letu likageuka mila. Tangu siku hiyo, kila mwenzetu wa Xiaobei anayerudishwa kwao ndani ya sanduku huagwa kwa "Viatu Mkononi", polepole, watu wamesimama peku. Papa hakuwa na moyo wa kuwakatalia wafiwa. Ukumbini hakuna aliyethubutu kuuomba tena, isipokuwa Arnaud, mfanyabiashara mgeni, aliyeutaka siku yake ya kuzaliwa. Papa, kwa mazoea ya mdomo, akaupiga ule wa msibani. Ukumbi mzima ukavua viatu. Emmanuella wa jikoni akatoka mbio, mikono imejaa unga, analia na kuuliza nani kafa. Baadaye tulicheka sana. Papa hakucheka. Aliniambia, "Harun, hii wimbo ni miye njo niliua."

Sasa niseme linalonong'onwa. Papa hastaafu kwa uzee. Mapafu yake yamekwisha, daktari amemkataza kupuliza, na keshokutwa anapanda ndege kurudi kwao. Anajua fika ni wimbo gani tutakaompigia habari zake zikitufikia, na kwa mwendo gani. Hilo linamuuma kuliko kifo chenyewe, na mimi linaniuma pia.

Kwa hiyo ameomba kitu kimoja badala ya zawadi. Leo atapuliza mara ya mwisho, daktari apende asipende, kwa mwendo wa kale wa Lubumbashi. Pumzi zikimkatikia katikati, dramu zitaendelea, na kasi haitapungua. Hiyo ni ahadi yangu.

Ahsante, Papa, kwa miaka yote uliyotuliza na kutuchezesha. Tunakutakia safari njema, nyumba yenye watu, na usingizi usiokatizwa na kikohozi. Nanyi wageni wetu, tarumbeta likianza, vueni viatu kama mlivyozoea. Ila nawaomba sana, mtu asisimame kimya. Chezeni, bado anatuona.