Wiki Mbili, Kisha Shuleni

Simameni hapo hapo kwenye kamba ya nguo, msisogee, na wewe Injinia ondoa mkono kwenye wavu wa dirisha, nimeshasema, leo hili dirisha si la kuchezea, mimi ni mgonjwa huku ndani. Barakoa ipande puani. Hivyo. Dada, mshike mkono mdogo wako, na ukilia lia, lakini usikilize huku unalia, kwa sababu sitaweza kurudia. Gari la wagonjwa limeshatoka hospitali, muuguzi amenipigia, litafika muda wowote, na kabla halijafika nina maneno yangu, nayasema nikiwa na akili zangu zote, na Mama, bibi yenu mzaa baba, yupo pale kwenye benchi na mtoto mchanga mapajani, ananisikia hata kama amenipa mgongo. Mama, ugeuke usigeuke, sikia tu. Huu ni wosia. Najua wosia ni wa watu wenye mvi, mimi hata kifua cha kukohoa kama wazee sikuwa nacho mpaka wiki hii, lakini ndiyo hivyo, wangu umewahi.

Naogopa, wanangu. Sitawadanganya. Naogopa ule mtungi wa hewa wanaousema, naogopa kulala kati ya watu nisiowajua. Lakini kuogopa ni kitu kimoja na kuona aibu ni kingine, na aibu mimi sina, na nyinyi sitaki muwe nayo, sio njiani, sio bombani, sio shuleni.

Kwa sababu watasema. Wameshaanza. Mama Makaa, jirani yetu, jana amesimama bombani na ndoo yake akapaza sauti makusudi inifikie humu kitandani: "Si ndiye aliyetuhimiza turudishe watoto? Si ndiye aliyeshona mabarakoa? Mbona sasa yeye ndiye aliyelala?" Nikataka kunyanyuka nimjibu, mwili ukagoma. Basi nyinyi mtamjibu. Anzeni na shikamoo, nisisikie nimezaa watoto wasio na adabu, halafu mwambieni mama amesema hivi: tangu shule ifunguliwe hakuna mtoto hata mmoja aliyelazwa, hakuna mwalimu aliyelazwa, na mwanao wa mwisho, yule aliyekuwa hajui hata kusoma jina lake, siku hizi anakusomea vibao vya maduka njia nzima mpaka unamwambia anyamaze. Mkimaliza, ondokeni. Msisubiri atafute la kusema, atalipata.

Mkumbuke ilivyokuwa. Mwalimu mkuu alituita wazazi uwanjani akatusomea tangazo: watoto wagawanywe, nusu asubuhi nusu mchana, mikono ioshwe, hewa ipite darasani. Hewa ipite wapi? Madirisha yote yalizibwa kwa matofali tangu wezi walipobeba madawati, na ukiingia mle mchana ni kama umetiwa ndani ya gunia likafungwa. Watu wakatazama viatu vyao. Mimi, ambaye hata kuuliza bei dukani huwa naona haya, sijui nguvu ilitoka wapi, nikanyoosha mkono kama mwanafunzi nikasema tubomoe. Weee! Mlinzi akaruka, akasema wezi watarudi na atakayefukuzwa kazi ni yeye. Mama Makaa akasema, "Mnataka kuwatia wanetu kwenye friji? Watatoka huko wamekuwa samaki wa barafu!" Uwanja mzima ukacheka, nami nikacheka, nikabaki nimesimama. Nikawaambia sitamrudisha mwanangu kwenye gunia, na sitamwacha nyumbani pia, sasa mniambie mimi niende wapi. Tukabishana mpaka jua likatuchoma, mara wezi, mara baridi, mara mafua, hadi fundi mwashi, yule baba wa mapacha, akachoshwa na kelele zetu, akaenda ukutani na patasi akatoa tofali moja, akaliacha la pili, akatoa la tatu. Ukuta ukawa kama chekeche. Mwizi hapiti, dawati halipiti, hewa inapita. Na mnajua nani alikuja kesho yake na nyundo? Mama Makaa, na ile nyundo yake ya kupondea mkaa, amejifunga khanga kiunoni. "Kama mnabomoa, bomoeni vizuri, msibembeleze ukuta kama bwana harusi!" Madirisha mawili ya darasa lako, Dada, ni kazi yake. Kwa hiyo ndiyo maana nawaambia shikamoo kwanza. Ana mdomo usio na breki, na ameogopa. Wote tumeogopa, yeye hofu yake inatokea mdomoni.

Ngojeni. Ngojeni nipumzike kidogo.

Na barakoa, hilo nalo watawacheka, mwacheni anayecheka acheke. Nilishona za kwanza kwa vipande vizuri vyote nilivyokuwa nimebakiza, maua, nukta, ndege wa bluu, nikajiona bingwa, nikajua watoto watazipenda. Wakazipenda kweli! Wakazipenda mpaka mapumziko ya kwanza wakaanza kubadilishana kama wanavyobadilishana penseli, Injinia akaondoka hapa na ndege akarudi na mistari, imelowa mate ya mtoto wa watu. Mwalimu mkuu akanipigia: "Mama, umewashonea barakoa au umewafungulia soko?" Nikalia siku hiyo, halafu nikafuta machozi nikatoa mapazia ya zamani ya kaki, rangi kama matope, nikakata upya zote, mbaya, mbaya mpaka mimi mwenyewe nikacheka. Hakuna aliyetaka ya mwenzake tena. Sioni haya kwa hilo. Nilikosea nikarekebisha, na kila mtu pale shuleni alikuwa anajifunza, walimu, mlinzi, sisi.

Ugonjwa huu niliupata wapi? Sijui. Labda sokoni nilikobanana na watu kununua lastiki, labda ndani ya gari, labda kwa mteja aliyekuja kujipima gauni akipiga chafya akasema ni vumbi. Mtu akiwaambia anajua, huyo ni mwongo, hata akiwa ni wa ukoo wetu.

Sasa nafika kwenye lenyewe.

Jana mchana mlidhani nimelala. Mama, wewe na shemeji mlikuwa sebuleni, na ukuta huu mnaujua, hausitiri kitu. Shemeji akasema, "Binti ana mikono ya mama yake, akae kwenye cherehani, nyumba ipate kula, shule si itamsubiri." Na baba yao yuko na lori lake ng'ambo ya mpaka, hawamruhusu kupita, amesema kwenye simu kwamba Mama ndiye atakayeamua. Na wewe Mama hukusema ndiyo, hukusema hapana. Ulisema tu, "Shule ndiyo iliyomlaza mama yao." Nilisikia. Nimelala na hilo neno usiku kucha, limenikaba kuliko hiki kikohozi.

Dada, nitazame. Wewe na mdogo wako mmekaa na mimi nyumba moja, kwa hiyo kesho hamwendi shule. Wala kesho kutwa. Muuguzi amesema wiki mbili, na wiki mbili mtakaa ndani ya ua huu, hata msipokohoa, hata mkijisikia wazima mnaruka kamba, kwa sababu hatukubomoa madirisha yale ili nyinyi ndio mwende kuwaambukiza wenzenu. Mwalimu mkuu nimeshamwambia, atakutumia kazi kwenye simu yangu, simu nakuachia, usimpe Injinia, ataifungua aone ndani kuna nini. Wiki mbili. Halafu zikiisha na wote mkiwa wazima, unavaa sare, unavaa ile barakoa mbaya, unakwenda. Asubuhi hiyo hiyo. Hungoji mwisho wa mwezi, hungoji mimi nirudi, na nisiporudi… hungoji arobaini. Unakwenda.

Nakaza hili kwa sababu najua wiki mbili zinavyorefuka. Shule zilipofungwa walituambia mwezi mmoja, ukawa karibu mwaka, na yule rafiki yako mliyekaa dawati moja, aliyekuwa anakushinda hesabu mpaka unanuna, yuko wapi? Anafua nguo za watu. Hakuna aliyekaa akaamua kwamba asirudi. Walisema tu asaidie kidogo, shule itamsubiri. Shule haimsubiri mtu, mwanangu, zamu ya asubuhi inaingia, zamu ya mchana inaingia, dawati anakaa mwingine. Na ukiwa mbele ya cherehani na wadogo zako wana njaa, nani atakunyanyua pale? Mimi sitakuwepo. Wewe mwenyewe utajionea huruma kuwaacha, nakujua, una moyo laini.

Kwa hiyo sikupi cherehani.

Usinung'unike. Najua nilikwambia zamani kwamba ni chako. Leo nakunyima, mbele ya Bibi yako, mchana kweupe. Kabati ni lenu wote. Kitanda kikubwa ni cha Dada na mtoto mchanga. Saa ya ukutani ni ya Injinia, aifungue akitaka, mradi airudishe ikiwa inatembea. Lile gauni la bibi harusi wa mtaa wa nyuma limekatwa, halijashonwa, hilo ndilo deni langu la kazi, limo kwenye mfuko wa karatasi chini ya meza. Na cherehani… cherehani, Mama, ni chako.

Naam. Geuka sasa. Wewe ndiye uliyenifundisha. Niliingia nyumba hii na cheti changu cha sekondari nimekibana kwapani, sijui hata kupiga pindo, ukanicheka mbele ya wanawake wenzako: "Cheti chake kinajua kila kitu isipokuwa sindano." Nilikasirika, Mama, nilikasirika muda mrefu, leo naiweka chini hiyo hasira, sina pumzi ya kuibeba. Ulinikalisha pale ukanishika mkono ukanipeleka na kitambaa mpaka nikajua. Mikono yako haijasahau. Shemeji anataka nyumba ipate kula, vizuri, nyumba italishwa na fundi aliyenifundisha mimi, na shemeji aje kukanyaga pedali kama miguu yako imechoka, ana miguu mizuri, naiona ikipita kwenda barazani kila siku.

Hakuna atakayemtoa mwanangu shule kwa jina langu. Asiwepo wa kusema mama yake aliuawa na shule. Kama ni lazima mseme… semeni mama yake aliifungua.

Mama. Nataka jibu. Sitaki ulie, nataka useme mbele yao wasikie, ili kesho asije mtu kusema hukuahidi. Wiki mbili zikiisha, anarudi?

Mama?

Nasikia gari. Litageuza pale kwenye kona, bado… bado kidogo. Sema.

Umesemaje? Njoo karibu na kamba, usipite hapo, sema kwa nguvu, masikio yangu yamejaa.

Ah. Eti nani atakutungia uzi kwenye sindano, macho yako hayaoni tundu. Mmesikia? Mmesikia alivyosema? Hajabisha kama unarudi, wala kama atashona. Ameuliza tu nani atamtungia uzi. Ee, Mama yangu. Dada atakutungia. Kila asubuhi, kabla hajavaa viatu, anakutungia sindano, anakutungia na za akiba anazichomeka kwenye ule mto wa sindano, ndipo anachukua mkoba… anakwenda. Ukiishiwa uzi wakati hayupo, subiri arudi. Wewe ndiye utakayesubiri. Shule isisubiri.

Asante, Mama.

Wamefika. Msiogope zile nguo za plastiki, ndani ni watu tu, wana watoto nyumbani kama nyinyi. Injinia, usiguse gari la watu. Dada, chumba hiki wakishapuliza dawa… fungueni dirisha. Liacheni wazi. Shuka zifuliwe kwa maji ya moto. Baba yenu akipiga, mwambieni nilisema… mwambieni nilisema mambo yamekwisha kuamuliwa, asije na maneno mapya. Na mwambieni nampenda. Hilo mseme mwanzo.

Radhi zangu mnazo. Wote watatu. Mkifaulu mnazo, mkifeli mnazo… mkirudia darasa mnazo. Mungu awatangulie njia nzima, kwenda na kurudi. Amlinde… amlinde na Mama yenu huyu mzee, mumtii, ila kwa hilo moja tu, akisahau, mumkumbushe.

Kaka wa hospitali, weka hiyo machela chini. Naomba. Nipe mkono tu… hapana, usinibebe. Wanangu wananitazama. Viatu vyangu viko hapo mlangoni.

Nitatembea.