Kilo Kumi na Tatu za Robota

Kijiwe cha Marcelo kiko nyuma ya ghala la pamba, hapa Bariadi, upande ambao jua halifiki mpaka saa saba. Ubao mmoja mrefu, magogo mawili, jiko la mkaa na birika la kahawa, basi. Wenyeji wake wanajulikana. Marcelo mwenyewe ndiye muuza kahawa. Mboje ni fundi baiskeli, anaitwa Wakili kwa sababu hajawahi kukubali kosa tangu azaliwe. Kija anauza dawa za mifugo, wanamwita Dokta, naye anaitika bila aibu. Na Deogratias, karani wa mizani wa chama cha msingi, anaitwa Robota, kama lile furushi la pamba iliyoshindiliwa. Jina hilo alilipata enzi zile ana kilo mia moja hamsini na moja, akikaa yeye ubao unalia, na wenzake wanasogea wenyewe. Miaka minne iliyopita ukoo wake uliuza ng'ombe tisa, wakampeleka Dar es Salaam, akakatwa tumbo likabaki jembamba kama ndizi. Akashuka mpaka themanini na nne. Sindano za kisukari akaachishwa na daktari mwenyewe. Kila kitu kikapungua, jina likabaki vilevile.

Jumanne hiyo, msimu wa kununua pamba umechanganya, Robota alitoka ghalani saa nne, akaketi kama mtu aliyetoka kuzika.

— Mwangaluka, Robota, Marcelo akamsalimia, huku anamimina kahawa.

— Tisini na saba.

— Nakusalimia, wewe unanitajia namba?

— Kilo. Nimepanda kwenye mizani asubuhi kabla wakulima hawajafika. Nikavua viatu, nikapanda tena. Nikavua mkanda, nikapanda tena. Tisini na saba. Kilo kumi na tatu zimerudi, na keshokutwa natakiwa kliniki Mwanza.

Marcelo akamsogezea kikombe, na pembeni yake kipande cha kashata.

— Pole, ndugu yangu. Chukua hiki kidogo, upate nguvu ya kuongea.

Robota akatafuna. Mboje akajinyoosha, akakohoa kidogo kama yuko mbele ya hakimu.

— Jibu ni jepesi. Mizani yako mbovu.

— Rudia.

— Mizani mbovu. Inazidisha.

— Mboje, mizani hiyo ndiyo iliyopima pamba ya mama yako jana. Kama inanizidishia mimi, imemzidishia na yeye.

— Sasa kama imemzidishia si amefaidi? Mimi naingiaje hapo?

— Basi nikamwambie leo arudishe?

— Aa, hapana! Mizani ni nzima kabisa. Nafuta kauli.

Wakacheka, Robota hakucheka. Misimu kumi na moja amesimama kwenye mizani ile. Anamwambia mkulima machoni, pamba yako ina maji, rudi kaianike, na mkulima ananuna lakini haendi kumshtaki, kwa sababu anajua Robota hana longolongo. Leo mizani imemsema yeye. Angeiitaje mwongo?

— Sikilizeni mtu aliyesoma, Kija akaingia. Alikuwa na muhogo wa kuchoma kwenye gazeti, akaukata, akampa Robota kipande cha nchani. Kamata, akasema, hicho ni kidogo tu. Sasa mimi nimepasua ng'ombe wengi kuliko mnavyofikiria. Ng'ombe ana matumbo manne.

— Mimi si ng'ombe, Dokta.

— Tulia. Msukuma amekaa na ng'ombe miaka mingapi? Kuna vitu mtu anaambukizwa. Yule daktari wa Dar alikata tumbo la mbele. Nakuuliza, alichungulia nyuma?

— Nilikuwa nimelala, nitajuaje?

— Umeona! Hakuchungulia. Wewe una tumbo la akiba, bwana. Lilikuwa limejificha, likaona mwenzake amekatwa, likasema hapa sasa ni zamu yangu.

— Dokta, ndiyo maana mbuzi wa watu wanakufa, Mboje akasema.

— Mbuzi gani? Mtaje!

— Wa mjomba wangu kule Bukundi. Ulimpa dawa ya kuku.

— Alipona!

— Alipona akaanza kulala juu ya mti!

Hapo hata mpita njia mmoja alisimama ili acheke vizuri. Mboje, kwa furaha ya ushindi, akachota karanga mfukoni, akamwaga chache kwenye kiganja cha Robota. Robota akazitia kinywani moja moja, macho yakiwa mbali. Alikuwa anaziwaza zile sindano. Siku aliyoruhusiwa kuziacha, mkewe Yusta aliyachimbia shimo maboksi matupu nyuma ya choo, akakanyaga udongo kwa miguu yote miwili, kama anacheza ngoma. Leo asubuhi Yusta aliuliza, mbona unaamka mara tatu kwenda kukojoa? Yeye akasema ni baridi.

— Nyote hamjui, Marcelo akasema, sauti ameishusha. Mimi nitawaambia. Robota, kitovu chako kiko wapi?

— Nyalikungu, kule Maswa. Kilizikwa nyuma ya nyumba ya bibi.

— Na lile pande la tumbo walilokata?

— Hospitali.

— Hospitali sehemu gani? Nani alilizika? Nani alilia?

— Marcelo, usinichoshe.

— Sikuchoshi. Kitovu kiko Maswa, tumbo liko Dar, wewe uko Bariadi. Lile pande limelala ugenini bila ndugu. Lazima liite wenzake. Sasa mwili unafanya nini? Unatengeneza kilo nyingine za kulifuata! Hapo dawa ni msiba tu. Tuweke turubai, tupike, watu wale siku mbili, tulimalize hili jambo.

— Tupike? Robota akafoka. Tatizo langu ni kilo, dawa yako ni pilau?

— Wewe utakula kidogo.

Mwisho wa ubao alikuwepo kijana mmoja mwalimu, Lusajo, mtu wa Tukuyu, mwezi wa pili tangu apangiwe huku. Alikuwa ananywa kahawa yake kimya. Akainua mkono kama mwanafunzi.

— Samahani, wakubwa zangu. Mimi mgeni. Naomba kuuliza kitu kidogo tu.

— Uliza, mwalimu, Mboje akamruhusu. Hapa ndiyo chuo.

— Kuna mtu yeyote hapa ambaye leo hajampa Robota kitu cha kula?

Marcelo akatazama birika. Kija akakunja gazeti lake mara mbili, kisha akalikunjua. Mboje akazisukuma karanga zake ndani zaidi ya mfuko.

— Karanga si chakula, akasema.

— Ule muhogo ulikuwa nchani, Kija akasema. Kule hamna kitu.

— Kashata moja! Marcelo akalalamika. Na sukari ya kahawa, lakini hiyo inayeyuka.

Robota akaanza kuhesabu kwa vidole. Alirudi nyuma kichwani, tangu alfajiri. Uji wa nyumbani. Hindi la kuchoma, nusu, kwa mama mmoja aliyeleta pamba. Andazi la mlinzi, alilimega tu. Juisi ya embe kwa wapakiaji. Kijiweni sasa. Na hajafika hata mchana.

— Daktari aliniambia, akasema taratibu, kula mara tatu, kaa mezani, anza na nyama au maharage, ukimaliza funga mdomo. Usidonoedonoe kama kuku. Mimi niliporudi nikawaambia nyinyi neno moja tu, nakula kidogo.

— Na sisi tumekupa kidogo! Mboje akasema kwa uchungu. Tumekuheshimu!

— Sasa kwa nini ulikuwa unapokea? Lusajo akamuuliza.

Robota akamtazama mwalimu, nusura amtukane, akaona hana kosa.

— Mwalimu, mwaka ule wa kwanza nilikuwa nakataa. Nikakonda, wakaanza kumuuliza mke wangu naumwa nini. Nyumba unayokataa chakula mara ya pili, ya tatu wanataka kujua umewashuku nini. Nikaona nipokee kidogo, yaishe. Sindano zinarudi, jamani. Nazisikia zinarudi. Ng'ombe tisa wa watu!

Ndipo mama Nyanjige akatokeza pembeni ya ghala, bakuli mkononi, limefunikwa kwa kitambaa. Nyumba yake na ya Robota zinatazamana. Ndiye aliyekaa na watoto wa Robota wiki zile tatu za Dar.

— Mwangaluka, wanangu. Deo, nimekupikia michembe, vile viazi vikavu, kwa karanga. Nimekuwekea kidogo tu, najua tumbo lako.

Kijiwe kizima kikamgeukia Robota. Huyu ndiye anayewarudisha wakulima na magunia yao. Akasimama, kwa sababu mtu mzima hajibiwi umekaa.

— Wabeja, mayu. Asante sana, lakini leo sitakula.

Uso wa mama ukabadilika.

— Kuna ubaya wowote kati yetu?

— Hakuna, mayu.

— Umesikia nimeweka nini humu?

— Hapana! Chakula chako ni kizuri, na ndiyo maana nakipokea kila siku, na kila siku nanenepa. Kilo kumi na tatu, mayu. Nimekula tangu alfajiri, kila mtu ananipa kidogo. Nikila na hiki, Alhamisi wananirudisha kwenye sindano. Nakuomba usinichukie.

Mama Nyanjige akampima kwa macho kuanzia kifuani mpaka kwenye mkanda. Kisha akalifunika bakuli vizuri, akaliegemeza kiunoni, akawageukia wale wengine: Marcelo, Dokta na Wakili.

— Kumbe na nyinyi mnamlisha?